Mbebaji, Mbebwa na Mtazamaji: Migogoro ya Usambazaji wa Televisheni Ikitazamwa kutoka Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Tangu matangazo ya televisheni yaanze kupitia mikononi mwa mtu wa tatu kabla ya kumfikia mtazamaji, pamekuwa na ugomvi kati ya anayeyatengeneza matangazo hayo na anayeyabeba. Mwenye kituo hudai kwamba bila vipindi vyake, ungo na king'amuzi ni vyombo vitupu, na kwa hiyo anastahili kulipwa. Mwenye mitambo naye hudai kwamba bila waya wake au setilaiti yake vipindi hivyo visingevuka kilima cha pili, na kwa hiyo anayestahili kushukuriwa ni yeye. Kila mmoja ana haki kwa kiasi chake. Ndiyo maana ugomvi wenyewe umefika bungeni na mahakamani katika nchi nyingi, na kila unapoamuliwa huzuka tena kwa sura nyingine.

Makala haya yanakusudia kuutazama ugomvi huo kutoka Lubumbashi, mji mkuu wa Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kesi zilizo mashuhuri zaidi katika eneo la Kiswahili zilitokea Nairobi na Dar es Salaam, nazo zitaelezwa hapa. Lakini Lubumbashi ina jambo la kuzifundisha kesi hizo, kwa kuwa ni mji mkubwa wa Waswahili ambao kwa muda mrefu umepokea picha zinazorushwa kutoka mahali pengine, tena kwa lugha nyingine. Hoja itakayojengwa ni kwamba sheria za usambazaji zimezoea kupima haki za pande mbili, yaani kituo na msambazaji, huku dola ikisimama katikati. Lugha ya mtazamaji haikupewa kiti katika baraza hilo, ingawa mara nyingi yeye na lugha yake ndio wanaopoteza.

2.0 Asili ya ugomvi

Usambazaji kwa waya ulianza Marekani mnamo mwaka 1948, hasa katika miji ya milimani ya Pennsylvania ambako mawimbi ya vituo vya mbali hayakushuka mabondeni. Wafanyabiashara walisimamisha antena moja kubwa kileleni, wakateremsha waya hadi nyumbani kwa watu na kuwatoza ada. Mwanzoni wenye vituo hawakulalamika sana, kwa sababu walipata watazamaji wa ziada bila gharama. Mambo yalibadilika pale waya ulipofika katika miji mikubwa na kuanza kuleta vituo vya mbali vilivyoshindana na vya pale pale.

Baada ya miaka mingi ya mashauri, sheria ya mwaka 1992 iliweka njia mbili. Kila baada ya miaka mitatu kituo cha mahali huchagua ama kubebwa kwa lazima bila malipo, ama kudai ridhaa yake iombwe kwanza, na pengine ilipiwe. Kampuni za waya zilipinga ulazima huo zikisema kuwa unaingilia uhuru wao wa kusema. Mahakama Kuu ya Marekani ililisikiliza shauri hilo mara mbili, na mwaka 1997 ikaukubali ulazima kwa kura tano dhidi ya nne.

Kanuni hizo mbili, ulazima na ridhaa, ndizo zilizosafiri hadi Afrika Mashariki pamoja na mitambo ya dijitali. Lakini zilizaliwa katika nchi ambayo vituo vya mahali vilikuwepo kabla ya msambazaji. Swali linaloletwa na historia ya Lubumbashi ni lile la mji ambao msambazaji alitangulia kufika.

3.0 Lubumbashi, mji unaopokea

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukikua pamoja na kampuni ya madini ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda na Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Katika kambi zao Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha ya nyumbani, kisha ya watoto waliozaliwa humo. Kwa hiyo hakikuja Katanga kama lugha ya pwani pekee. Kilipata huko sura yake mahususi, iliyochanganyika na Kiluba, Kibemba na Kifaransa, na wazungumzaji wake hawakungoja idhini ya wanasarufi.

Redio ilifika mapema, na wakati wa utengano wa Katanga kati ya Julai 1960 na Januari 1963 ilikuwa silaha ya siasa. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mnamo Novemba 1966, mwaka uleule Elisabethville ilipobadilishwa jina kuwa Lubumbashi. Kati ya miji hiyo miwili pana umbali wa takriban kilomita 1,500 kwa ndege, wala hakuna minara ya kawaida ambayo ingeweza kuupita msitu na mbuga kwa gharama ndogo. Katika miaka ya 1970 serikali ya Zaire ikaamua kutumia setilaiti. Vituo vya ardhini viliwekwa katika miji ya mikoa ili kupokea picha kutoka Kinshasa na kuzirusha upya kwa wakazi wa pale.

Kwa hatua hiyo dola ilikuwa mwenye kituo, msambazaji na msimamizi kwa wakati mmoja. Ugomvi wa aina ya Pennsylvania haukuweza kuzuka, kwa kuwa mtu hagombani na nafsi yake. Lakini kutokuwepo kwa ugomvi si dalili ya haki. Mfumo wenyewe ulijengwa ili picha ishuke kutoka mji mkuu kwenda mikoani. Hata saa ilikuwa ya Kinshasa. Lubumbashi imetangulia kwa saa moja, kwa hiyo taarifa ya saa mbili usiku iliwafikia watu wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa kati ya 1971 na 1997, saa tatu usiku.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi msambazaji anavyoweza kuiamuru hata saa ya tukio lenyewe. Pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, lililofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, lilianza kiasi cha saa kumi alfajiri ili picha ziwafikie watazamaji wa Marekani jioni kwa njia ya setilaiti. Maelfu ya Wazaire walioujaza uwanja walikesha ili wateja wa ng'ambo wasikeshe.

4.0 Mufwankolo na njia ya upande mmoja

Haifai hata hivyo kudhani kwamba Lubumbashi ilikuwa mpokeaji mtupu. Kituo cha mkoa kilikuwa na vipindi vyake, na kilichopendwa sana kati ya hivyo kilikuwa michezo ya kundi la Mufwankolo. Kundi hilo lilianza katika miaka ya 1950, likasikika redioni, kisha likaonekana katika televisheni likiigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Waigizaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana juu ya kisa na mpangilio wake, kisha maneno yakajitokeza katika mazoezi. Mambo waliyoyaigiza yalikuwa ya mitaani, kama vile mume mlevi, mahari, uchawi, mshahara unaochelewa na mkubwa anayekula peke yake.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekwisha kufanya utafiti Katanga tangu miaka ya 1960, alishuhudia mwaka 1986 jinsi kundi hilo lilivyoutunga mchezo uitwao Le pouvoir se mange entier, maana yake kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Mchezo ulipigwa picha kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na mji. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo, Power and Performance, kilitoka mwaka 1990, na humo maneno ya waigizaji yamehifadhiwa kwa Kiswahili chao wenyewe.

Jambo la kuzingatia hapa ni mwelekeo wa njia. Kundi la Salongo, lililoigiza kwa Kilingala huko Kinshasa, lilipandishwa katika setilaiti ya taifa na kuingia sebuleni mwa watu wa Shaba. Mufwankolo walijulikana kila mtaa wa Lubumbashi na katika miji ya migodi, lakini njia iliyomleta Salongo kwao haikujengwa ili iwapeleke wao Kinshasa kwa kadiri ileile. Kwa watazamaji wengi wa nchi, Kiswahili cha televisheni kilibaki kuwa jambo la mkoani. Hakuna sheria iliyokikataza. Kazi hiyo ilifanywa na mpangilio wa mitambo.

5.0 Nairobi, 2014 hadi 2015

Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliziwekea nchi za Afrika tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa televisheni ya analojia. Teknolojia mpya ilitenganisha kazi mbili zilizokuwa zimeshikana, yaani kutengeneza vipindi na kuvirusha. Tangu hapo kituo kingeweza kubaki na studio tu, na kazi ya kurusha ikaachiwa msambazaji mwenye leseni yake mwenyewe.

Nchini Kenya leseni hizo zilikwenda kwa Signet, tawi la shirika la utangazaji la taifa KBC, na kwa kampuni ya Kichina iitwayo Pan African Network Group. Ushirika wa Royal Media Services na Nation Media Group uliomba leseni ukakosa. Baadaye kampuni hizo mbili, zikiungana na Standard Group, zilikwenda mahakamani. Malalamiko yalikuwa mawili. Kwanza, kwamba haikuwa haki kwa vituo vilivyojenga minara kwa miaka mingi kulazimishwa kumkabidhi mshindani mawimbi yao. Pili, kwamba StarTimes na GOtv zilikuwa zikiingiza vipindi vyao ndani ya ving'amuzi vya kulipia bila ridhaa na bila malipo.

Mahakama Kuu ilizikatalia Desemba 2013. Mahakama ya Rufani ikazikubalia Machi 2014. Tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu ikatengua sehemu kubwa ya hukumu ya rufani, ingawa ilifungua pia mlango wa kampuni hizo kupewa leseni yao ya kusambaza. Kuhusu ubebaji, ilisema kwamba kanuni ya kuwalazimisha wasambazaji wabebe vituo visivyolipiwa haikuvunja hakimiliki, kwa kuwa ililenga manufaa ya umma.

Uamuzi huo haukuleta amani. Tarehe 14 Februari 2015 mamlaka ya mawasiliano, ikisaidiwa na polisi, ilizima mitambo ya analojia ya kampuni hizo. Nazo zilikataa kuonekana kupitia ving'amuzi vya wengine, huku mitambo na ving'amuzi vyao wenyewe vikiwa bado havijawa tayari. Kwa takriban wiki tatu Citizen, NTV, QTV na KTN zilitoweka. Zilirudi mwanzoni mwa Machi kwa mitambo yao ya dijitali.

Katika wiki hizo kila upande ulizungumza kwa jina la mtazamaji. Mamlaka ilisema inalinda haki yake ya kupata picha safi, na kampuni zilisema zinalinda haki yake ya kutazama bila kulazimishwa kununua king'amuzi cha mgeni. Lakini mtazamaji wa Citizen aliyezoea taarifa ya Kiswahili ya saa moja jioni alikuta kioo cheusi. KBC na K24 zilibaki hewani, hivyo lugha haikunyamaza kabisa. Kilichowanusuru Wakenya ni wingi wa njia. Palipofungwa mlango mmoja, pengine palikuwa wazi.

6.0 Dar es Salaam, 2018

Tanzania ilitangulia majirani zake kwa kuanza kuzima analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Leseni zilitofautisha msambazaji wa minara ya ardhini, aliyepaswa kubeba vituo vya bure, na msambazaji wa setilaiti aliyeuza vituo vya kulipia. Utaratibu ulionekana safi katika karatasi. Katika nyumba za watu haukuwa safi, kwa sababu wanunuzi wengi wa ungo wa Azam, DStv na Zuku walitaka kuvikuta humo pia vituo vya nyumbani kama ITV, Channel Ten, Star TV, EATV na Clouds.

Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilisisitiza kwamba kampuni hizo za setilaiti hazikuwa na leseni ya kubeba vituo vya bure, na kwamba haikubaliki mwananchi atozwe ada ya mwezi ili aone kitu ambacho sheria inasema ni bure. Vituo hivyo vikaondolewa. Nia ilikuwa kumkinga mnyonge, lakini matokeo yake yaliwaumiza hasa wale waliokaa mbali na minara ya ardhini, ambao ungo ulikuwa ndiyo njia yao pekee. Mtu wa kijijini aliyelipia ungo aliweza kuona mpira wa Uingereza, lakini hakuweza kuona taarifa ya habari ya ITV.

Kesi ya Nairobi na ya Dar es Salaam zinaelekea pande tofauti. Kenya iliwalazimisha wasambazaji kubeba na wenye vituo wakagoma, ilhali Tanzania iliwazuia wasambazaji kubeba na wenye vituo wakasikitika. Hata hivyo zina tabia moja. Katika kila moja kipimo kilikuwa leseni, hakimiliki au ada. Mahali anapoishi mtazamaji na lugha anayoielewa havikupewa uzito wa kuweza kuamua jambo.

7.0 Kurudi Katanga

Huko Kongo ukiritimba wa dola ulianza kulegea baada ya Mobutu kutangaza mfumo wa vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990. Antene A ya Kinshasa, iandikwayo Antenne A, ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya watu binafsi, na sheria namba 96-002 ya tarehe 22 Juni 1996 ikautambua utangazaji wa binafsi. Baadaye Lubumbashi nayo ikapata vituo vyake, vikiwemo Nyota na Mosaïque. Juu ya mapaa zikatokea nyungo za aina mbili. Moja ilileta vifurushi vya Kifaransa vya Canal+, na nyingine vifurushi vya DStv kutoka Afrika Kusini. Kwa mji uliokaa mpakani mwa Zambia, ambao bidhaa zake huingia kwa barabara ya Kasumbalesa, jambo hilo halikuwa la ajabu.

Hapo pengo likaonekana tena. Kituo cha mahali kilichorusha kwa antena yake kilionekana mjini na viungani. Kilichotaka kuonekana Likasi, Kolwezi au Kalemie kilihitaji mitambo mingine au nafasi katika setilaiti ya mtu mwingine. Nafasi hiyo ni mali ya biashara, na anayeigawa hutazama kwanza kituo chenye watangazaji wa biashara wengi na jina linalojulikana nchi nzima. Kwa vigezo hivyo Kinshasa hutangulia.

Udhaifu wa kutegemea antena moja ulidhihirika mwishoni mwa Januari 2016. Wakuu wa serikali walivifunga vituo vya Nyota na Mosaïque mjini Lubumbashi. Nyota ilikuwa ya Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga tangu 2007 na ambaye Septemba 2015 alikihama chama tawala. Sababu iliyotolewa ilikuwa ada za serikali zisizolipwa, lakini watetezi wa uhuru wa vyombo vya habari waliiona hatua hiyo kuwa ya kisiasa. Nyota ilirudi hewani mwaka 2019, baada ya mabadiliko ya uongozi wa nchi.

Kwa maana halisi, huo haukuwa mgogoro wa usambazaji. Hapakuwa na msambazaji aliyebishana na kituo. Lakini unahusiana na mada hii kwa karibu. Nairobi ilizima vituo kwa wiki tatu na taifa zima likashughulika, kwa kuwa vilikuwa vituo vya taifa. Lubumbashi ilikosa kituo chake kwa takriban miaka mitatu, na wenye nyungo waliendelea kuona mamia ya picha kutoka Paris, Johannesburg na Kinshasa. Kioo hakikuwa cheusi hata kidogo. Kilichokosekana ni mjadala wa mji wenyewe kwa lugha ya mji wenyewe, na upungufu wa namna hiyo ni mgumu kuuonyesha mbele ya hakimu.

Tarehe 22 Septemba 2025 Canal+ ilichukua udhibiti wa MultiChoice, mwenye DStv. Nyungo mbili zilizokuwa zikishindana juu ya mapaa ya Lubumbashi sasa ni za tajiri mmoja. Inawezekana kwamba kampuni kubwa zaidi itakuwa na nafasi zaidi ya kubeba vituo vya mikoani. Inawezekana pia kwamba kituo kilichokataliwa na mmoja hakitakuwa tena na wa pili wa kumwendea. Katika hali hiyo ya pili, ulazima wa kisheria ndio unaobaki kuwa tegemeo.

8.0 Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa, na inaitaka dola izikuze bila ubaguzi. Sheria ya utangazaji ya 1996 nayo imekwisha kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria mpya ya tarehe 13 Machi 2023. Kwa hiyo msingi wa kulitazama upya suala hili upo. Iwapo siku moja Kongo itaweka kanuni ya ulazima wa kubeba, haitatosha kuiga ile ya Nairobi, inayouliza tu kama kituo ni cha bure, au ile ya Dar es Salaam, inayouliza tu leseni ni ya aina gani. Itapasa iulize pia kama katika kila mkoa mtazamaji anapata angalau kituo kimoja cha kwake kwa lugha ya kwake, hata anapotumia king'amuzi cha tajiri wa mbali.

Kudai hivyo si kudai upendeleo kwa Kiswahili. Mtu wa Mbuji-Mayi au wa Matadi angeweza kutoa hoja ileile kwa lugha yake. Ni kukumbusha tu kwamba kundi la Mufwankolo lilikuwa na watazamaji, lilikuwa na vipaji, na lilikuwa na mambo ya kusema juu ya mamlaka yanayoliwa mazima. Lililokikosa ni chombo cha kulipeleka mbali zaidi. Anayeamua nani apande chombo hicho anaamua pia, hata kama hakukusudia, ni lugha ipi itakayoonekana kuwa ya taifa na ipi itakayobaki kuwa ya mtaani.